Paka na Panya wa Kufuga Nyumba Moja: Mwongozo Kamili wa Vizuizi Viwili

Wengi waliopoteza panya kwa paka hawakuwa wazembe. Walinunua kizimba kizuri, wakakiweka sebuleni, wakampa paka wiki mbili "azoee", halafu jioni moja mlango wa kizimba ukaachwa bila kubanwa vizuri. Kosa halikutokea jioni ile. Lilitokea siku ya kwanza, walipoamua kumsubiri paka abadilike.

Hapa hatumsubiri. Kanuni ni moja: kila dakika, mchana na usiku, kati ya paka na panya pawe na vizuizi viwili vinavyojitegemea, ili kimoja kikishindwa kingine kibaki. Kizimba ni kizuizi cha kwanza. Mlango wa chumba uliofungwa ni cha pili. Mikono yako haihesabiki, wala usingizi wa paka.

Panya wanaozungumziwa ni wale wa kufugwa, weupe au wenye mabaka, waliozaliwa mikononi mwa watu kwa vizazi vingi. Mzima huwa na gramu 250 hadi 600 na huishi miaka miwili hadi mitatu. Panya wa darini uliyemnasa jikoni hayumo humu: anaweza kubeba homa ya mgunda (leptospirosis), na kwenye maeneo yenye tauni, hata viroboto wa tauni. Panya buku, wale ambao shirika la APOPO huwafunza Morogoro, Tanzania, kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, ni spishi nyingine yenye mahitaji yake.

## Kabla hujatoa hela

Jiulize kama una chumba chenye mlango ambacho paka hataingia kamwe. Kamwe, hata siku ya mvua. Chumba kidogo cha stoo chenye dirisha kinatosha.

Kama unaishi chumba kimoja au bedsita na paka tayari yumo, usifuge panya. Hakuna kizimba kitakachotatua hilo, kwa sababu tatizo si meno tu. Panya huzaliwa na hofu ya harufu ya paka. Panya anayelala na kuamka ndani ya harufu hiyo hula kidogo, hujificha na kuugua kirahisi, hata asiguswe ukucha.

## Vifaa

- Weldimeshi yenye matundu ya nusu inchi (milimita 12 kwa 12), geji 16 au 18. Si waya wa kuku.
- Fremu ya chuma, bomba la mraba la robo tatu inchi. Kwa panya wawili au watatu: upana sentimita 80, kina 50, kimo 90 hadi 100.
- Makomeo mawili kwa kila mlango wa kizimba, na karabina mbili (kulabu za chuma zinazojifunga kwa springi) au kufuli dogo.
- Trei ya chuma au plastiki ngumu yenye kingo za sentimita 10.
- Skrubu na plagi za ukutani, vishikizo viwili vya chuma.
- Ukanda wa bati wa upana wa sentimita 15, urefu sawa na upana wa mlango wa chumba.
- Springi ya kuufunga mlango wenyewe, na komeo la nje.
- Mizani ya jikoni inayosoma gramu.
- Kapu la kubebea paka, taulo nene, kipimajoto cha ukutani.
- Mafagio mawili na vitambaa vya rangi mbili tofauti.

Fundi wa kuchomelea akikwambia waya wa kuku unatosha na ni nafuu, mshukuru na usimame kwenye weldimeshi. Waya wa kuku hupinda paka anapourukia, panya huutafuna ukakatika, na matundu yake hupitisha mguu mzima wa paka.

## Hatua ya 1: Tengeneza chumba kwanza, kizimba baadaye

Watu huanza na kizimba kwa sababu ndicho kinachopendeza. Chumba ndicho kinachookoa.

Chini ya mlango. Panya mzima hupita kwenye upenyo wa sentimita 2, na mtoto wa panya hata pungufu ya hapo. Piga ukanda wa bati chini ya mlango upande wa ndani, ubakize nafasi isiyozidi sentimita 1 kutoka sakafuni. Bati ni la lazima, maana ubao mtupu hutafunwa usiku mmoja.

Kitasa. Kama ni kile cha mkono wa kushusha chini, paka mwenye nia hukirukia, hukining'inia na kufungua. Funga komeo la nje, kimo cha mita 1.5, ambalo mtoto mdogo pia halifikii. Springi iwekwe ili mlango ujirudishe wenyewe mtu akisahau.

Dirisha. Wavu wa mbu haumzuii paka wala panya. Weka weldimeshi ile ile juu yake, ikiwa na fremu iliyopigwa skrubu. Angalia pia matundu ya hewa juu ya ukuta na mahali dari ilipopasuka. Nyumba nyingi zina dari inayounganisha vyumba vyote, na paka anayetembea darini hajali kwamba mlango wako umefungwa.

Joto. Hapa ndipo usalama unapogombana na uhai. Panya hatoi jasho. Hupoza mwili zaidi kwa mkia wake. Nyuzi 18 hadi 24 humfaa, na ikipita 30 yuko hatarini. Chumba kilichozibwa kila upande, Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, ni oveni. Kwa hiyo usizibe dirisha kwa ubao: libaki wazi nyuma ya weldimeshi, na feni ielekezwe ukutani, si kwenye kizimba. Siku za joto kali weka chupa ya maji iliyogandishwa, imefungwa kitambaa, ndani ya kizimba. Panya aliyejilaza chali-chali, anahema kwa nguvu na mate yanamtoka, apelekwe mahali pa baridi mara moja na miguu yake na mkia vilowanishwe kwa maji ya kawaida, si ya barafu.

*Imefanikiwa* ukiweza kufunga mlango, kuzima taa, kulala kifudifudi ndani ya chumba na usione mwanga mahali popote zaidi ya chini ya mlango na dirishani. Na kipimajoto saa 9 alasiri kisipite 28.

## Hatua ya 2: Kizimba ambacho paka hakiangushi

Paka mmoja ana kilo 4 au 5. Akiruka kutoka kitandani na kutua kwenye ukuta wa kizimba chepesi, kizimba kinaanguka, trei inachomoka, panya wako nje. Vifo vingi huanzia hapo, si kwa paka "kufungua" kitu.

1. Chomelea fremu, kisha weldimeshi iwekwe ndani ya fremu, isiwe nje. Ikiwa nje, kiungo kilichochomelewa kikiachia, paka anaivuta.
2. Weldimeshi mpya iliyopakwa zinki isuguliwe kwa brashi, siki na maji ili unga wa zinki utoke. Iache ikauke siku nzima.
3. Kila mlango uwe na makomeo mawili, juu na chini. Komeo moja katikati huacha pembe inayovutika.
4. Paa liwe na mwinuko mkali na lifunikwe kwa bati au plaiwudi laini. Paa tambarare la waya hugeuka kitanda cha paka, na kwa panya, mnyama aliye juu ya kichwa ndiye mwindaji.
5. Shikiza fremu ukutani kwa vishikizo viwili karibu na kilele. Isukume kwa mikono yote miwili. Ikicheza, ongeza.
6. Sakafu ya waya ifunikwe kabisa kwa trei. Waya mtupu huleta vidonda vya nyayo visivyopona upesi.
7. Rafu za ndani zikae sentimita 5 mbali na waya. Mkia wa panya hupenya matundu ya nusu inchi, na mkia unaoning'inia nje ni mwaliko.

Kuinua kizimba juu hakumzuii paka. Anaruka mita moja na nusu bila kujikaza. Kizimba kinyanyuliwe sentimita 60 hivi kwa sababu nyingine: sakafuni kuna siafu. Miguu isimame kwenye makopo yenye maji na tone la mafuta ya kula, yabadilishwe kila wiki.

## Hatua ya 3: Matandiko, chakula, wenza

Usichukue maranda kwa seremala bila kuuliza ni mbao gani. Mengi ni ya paini au saipresi, na mvuke wake huumiza mapafu na ini la panya. Unga wa mbao ni mbaya zaidi kwa vumbi lake. Tumia karatasi zilizochanwa, maboksi na vitambaa vya pamba, unene wa sentimita 5.

Weka panya wawili au zaidi wa jinsia moja. Mmoja peke yake huzubaa. Dume na jike pamoja watakuzalia ndani ya siku 21 hadi 23, na watoto hao wenyewe wanaweza kushika mimba wakiwa na wiki tano au sita. Nyumba yenye paka haihitaji panya 14.

Kila panya hula gramu 15 hadi 20 kwa siku. Kama chakula maalumu cha panya hakipatikani, theluthi mbili ziwe nafaka nzima (mtama, ulezi, ngano), zilizobaki ziwe dengu au maharage yaliyopikwa, mboga za majani na karoti, na mara mbili kwa wiki kipande cha yai au dagaa wasio na chumvi. Mahindi na karanga zilizoota ukungu usiwape hata kidogo: panya ni miongoni mwa wanyama wanaoumizwa sana na sumukuvu, na hana uwezo wa kutapika. Kwa sababu hiyo hiyo, maharage mabichi na muhogo mbichi ni marufuku.

## Hatua ya 4: Wiki ya kwanza, panya peke yao

Paka asikaribie hata kibaraza cha chumba hicho kwa siku saba. Panya wanahitaji kujua kwanza kwamba mahali hapa ni pa kula na kulala. Ukichanganya uhamisho na harufu ya paka, hutajua kinachowatisha ni kipi.

Wapime uzito siku ya kwanza na ya saba, uandike. Badilisha shati kabla ya kuingia kama ulikuwa umempakata paka. Nawa mikono kwa sabuni unapoingia na unapotoka: harufu ya paka mkononi humfanya panya aganda, na harufu ya panya mkononi humfanya paka akung'ate bila ubaya wowote moyoni.

Dalili za woga: kuganda muda mrefu, manyoya kusimama, kubakiza chakula, na majimaji mekundu kuzunguka macho na pua. Mekundu hayo si damu. Hutoka kwenye tezi nyuma ya jicho panya akiwa na msongo au mgonjwa. Kidogo asubuhi akiamka si jambo. Kila siku, pande zote mbili, ni jambo.

*Imefanikiwa* wakila mbele yako na uzito haujashuka. Akipoteza zaidi ya asilimia 10 ndani ya wiki, usiendelee. Tafuta daktari wa mifugo.

## Hatua ya 5: Mfunze paka kuhusu mlango, si kuhusu panya

Huu ndio ushauri tunaogombana nao zaidi: kwamba umsogeze paka kwenye kizimba kidogo kidogo, umshike, umpe kitoweo akikaa kimya, mpaka wawe marafiki. Picha zao zinapendeza. Paka aliyekaa kimya akitazama kizimba hajatulia, anavizia.

Mwaka 1930 mtafiti wa Kichina Zing-Yang Kuo alichapisha majaribio ya kuwalea watoto wa paka pamoja na panya tangu wachanga. Malezi yalisaidia sana. Hata hivyo, watatu kati ya paka 18 waliolelewa hivyo walikuja kuua panya wengine. Wewe una paka mzima aliyejifunza kazi darini, na kwake panya mweupe na panya wa darini ni mnyama mmoja. Usiwakutanishe, hata kupitia waya.

Kinachofunzika ni mlango.

1. Sogeza bakuli, kitanda na choo cha paka mbali na mlango wa panya, angalau mita 3 au chumba kingine.
2. Mchezeshe mara mbili kwa siku, dakika 10 hadi 15, kwa kamba yenye unyoya mwishoni. Kamba iende kama windo: ikimbie, isimame, ijifiche. Mwishoni mwache akamate.
3. Mlishe papo hapo baada ya mchezo. Kuvizia, kukamata, kula, kulala ndio mpangilio wa mwili wake, na ukiufuata atalala wakati unaotaka wewe.
4. Akikwaruza mlango wa panya, usimpigie kelele wala usimmwagie maji. Rusha mpira upande wa pili au tikisa kopo la chakula, acheze huko.
5. Kabla ya kufungua mlango wa panya, jua paka alipo kwa macho yako. "Nadhani yuko nje" si jibu.

Paka mwenye shibe bado huwinda; shibe hupunguza haraka yake tu. Usitegemee sahani.

Jifunze pia kumsoma: mboni zimetanuka, masikio mbele, ncha ya mkia inatikisika, makalio yanachezacheza, au anatoa mlio wa meno kugongana. Ukiona hayo mlangoni, ongeza mchezo na siku hiyo panya wasitoke kizimbani.

*Imefanikiwa*, kwa kawaida baada ya wiki tatu au nne, paka akipita mlangoni bila kusimama zaidi ya sekunde chache. Kwa paka kijana wa mtaani huenda isifike kabisa, na hapo komeo litafanya kazi yake milele.

## Hatua ya 6: Ratiba ya jioni

Panya huchangamka giza likiingia, na paka vilevile. Ndiyo maana saa ya hatari ni jioni.

- Saa 1:00 usiku: mchezo wa paka.
- Saa 1:15: chakula cha paka.
- Saa 1:45: paka afungiwe chumba kingine na choo chake na maji. Huu ndio mlango wa ziada, kwa kuwa panya wakitoka kizimbani kizuizi kimoja kimeondoka.
- Saa 2:00 hadi 3:00: panya watoke kizimbani, ndani ya chumba chao, wewe ukiwa humo. Nyaya za umeme ziwe zimeinuliwa.
- Saa 3:00: warudishe kwa kijiko cha chakula. Wahesabu kwa sauti. Gusa makomeo yote.
- Ndipo paka atoke.

Kila mtu wa nyumbani, pamoja na dada wa kazi na watoto, aijue ratiba hii. Ibandike mlangoni. Mtu mmoja tu awe na ruhusa ya kumtoa paka, na atoe baada ya kuambiwa idadi ya panya.

## Hatua ya 7: Usafi, viroboto na sumu

Safisha kwa panya kwanza, kwa paka baadaye, mafagio yasichanganyike. Mikojo ya panya hutoa amonia inayochokoza mapafu, na panya wengi tayari wana vijidudu vya kifua vinavyosubiri nafasi hiyo. Ondoa matandiko mabichi kila siku, osha trei kila wiki kwa siki sehemu moja na maji sehemu tatu, na urudishe konzi moja ya matandiko ya zamani yaliyo makavu ili wasihisi wamehamishwa.

Choo cha paka kizolewe kila siku bila kukosa. Vijidudu vya toksoplazma kwenye kinyesi cha paka huchukua siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo kinyesi cha leo kikitoka leo umevunja mzunguko. Mjamzito asifanye kazi hiyo. Kuna pia tegu ambaye mayai yake hutoka kwa paka, hukua kwenye ini la panya, na humrudia paka akila panya. Daktari ampe paka dawa ya minyoo kwa ratiba.

Dawa za kusafishia zenye fenoli, hasa zile zinazogeuza maji kuwa meupe kama maziwa, ni sumu kwa paka. Na unga wa viroboto wa mbwa au wa kuku wenye pemetrini (permethrin) unaweza kumuua paka. Mwambie daktari una wanyama wa aina zote mbili kabla hajakuandikia dawa.

Sumu ya panya na gundi ya panya vitoke nyumbani, hata nyuma ya friji. Panya wako akitoroka atakula sumu, na paka akila panya aliyekula sumu naye ataumia. Panya wa darini wazuiwe kwa kuziba matundu na kufunga chakula kwenye ndoo zenye vifuniko.

## Panya akipotea

Mfungie paka kwanza, kabla hujatafuta. Funga milango yote ya nyumba na uzibe chini yake kwa taulo. Nyunyiza unga kidogo sakafuni usiku ili uone nyayo. Weka kizimba sakafuni, mlango wazi, chakula na matandiko yake ya zamani ndani, uzime taa. Panya wa kufugwa hurudi kwa wenzake akiachwa, akikimbizwa hujichimbia.

## Paka akimkamata

Usivute. Kuvuta hupasua ngozi. Mrushie paka taulo kichwani au piga makofi kwa nguvu, atafungua mdomo. Mfunge panya kwenye taulo, paka afungiwe.

Jeraha la jino la paka ni dogo kama ncha ya sindano na hufunikwa na manyoya, lakini mate yake hubeba bakteria wanaoweza kumuua panya. Safisha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Spiriti na haidrojeni peroksaidi ya dukani hapana. Mtie kwenye boksi lenye joto na giza, umfikishe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo kwa antibiotiki, hata kama anatembea na kula. Anayeonekana mzima leo huweza kufa kesho kutwa.

Ukiumwa wewe, na paka au na panya, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda zahanati. Kwa paka uliza kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa, hasa kama anatoka nje na hajachanjwa. Kwa panya, homa, upele au maumivu ya viungo ndani ya wiki tatu baada ya kuumwa ni sababu ya kurudi, na mwambie daktari wazi kwamba uliumwa na panya, maana hatakisia.

Halafu rudi chumbani na utafute ni vizuizi vipi viwili vilivyoshindwa. Daima ni viwili, na mara nyingi utakuta kimoja kilikuwa kimeshindwa wiki nyingi kabla bila mtu kukigusa.